Mkate wa Jivuni wa Shemegi Maria

Nnaikumbuka Ramadhani moja, mwanangu, tulipokuwa tukikaa mtaani Bustan nami kijana mbichi. Kaka yangu Nassor alikuwa amerudi kutoka masomoni Kroatia na mke wa huko, Maria. Kiswahili kilimtoka neno mojamoja, lakini alifunga nasi, na alasiri aliingia jikoni na Mama.

Alipika chakula cha wakulima wa kwao. Alisukuma unga mwembamba, mpana kama sinia, akatandaza majani mfano wa mchicha na vitunguu, akafunika kwa unga mwingine. Kisha akaulaza uani juu ya mawe ya moto, akaufukia kwa majivu ya makuti ya mtende! Ukiiva aliupangusa jivu, akaupaka mafuta ya zaituni na kitunguu saumu, akaukata mshazari kama kashata.

Mama alimfundisha ada yetu: kabla ya Magharibi futari hupelekwa kwa jirani, na sahani ya jirani hairudi tupu. Mpelekaji nilikuwa mimi, nami niliona haya. Watu waseme kwetu twafuturu mkate uliofukuliwa jivuni? Nikifika kona niliwapa mbuzi, nikasuuza sahani, nikarudi.

"Wamesemaje, shemegi?" aliniuliza Maria.

"Wanakushukuru."

Aliitazama ile sahani tupu, akaigeuza huku na huku.

Siku zikapita hivyo, mwisho akaacha kupika. Nikamsikia akimwambia kaka, "Nirudishe kwetu, Nassor. Hapa hawanitaki." Nilisikia, mwanangu, na bado nikanyamaza.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Jirani yetu Bi Zuwena alimtania Mama: "Shoga, kupata mkwe wa Kizungu ndiyo mmetuhama? Mwaka huu hata kokwa ya tende hatuioni!"

Mama alirudi, akaniita. Hakupandisha sauti.

"Chakula umekitupa, hilo utatubu kwa Mungu. Lakini huyu mtoto wa watu umemfanya aamini mtaa mzima umemkataa. Hilo kamwambie mwenyewe."

Nikamwambia, macho chini. Nilitamani anipige. Yeye akaniuliza:

"Mbuzi walikula?"

"Walikula wote."

"Basi mbuzi wa Bustan wana adabu kukushinda."

Kesho yake alipika tena, nikaubeba mpaka mlangoni kwa Bi Zuwena. Sahani ikarudi na vitumbua vya moto. Maria akaipakata kama mtoto, analia na kucheka, hata adhana ikalia hajaiweka chini.

Hakurudi kwao. Leo ni bibi wa wajukuu huko Mabela, na kila akipika huniwekea kipande cha ukingoni, kilichokauka, maana anajua nnakipenda. Lakini zile jioni alizojiona hatakiwi, siwezi kumrudishia. Majuto ni mjukuu. Mimi wangu nnaishi naye.

Mwanangu, mgeni akiingia nyumbani kwenu na chakula cha kwao, usikionee haya kwa niaba ya watu. Wapelekee, waonje, waamue wenyewe. Na ukimuumiza mtu kwa uongo, usingoje kuitwa. Nenda ukaseme, maana kila siku unayochelewa yeye ndiye anayeilia.

Mungu akupe majirani wema, akupe na uso wa kukiri kosa kungali mapema. Amin.