Jumatano Shirika Lilipokataa Bugali Wetu

Sisi tuliokulia Bagira, kitongoji cha Bukavu, wakati wa Zaïre, tulioitwa citoyen na citoyenne, yaani raia, tungali na kamasi puani, tulikuwa na Jumatano yetu. Ilikuwa siku ya shirika, yaani majirani Wakatoliki wa mtaa mmoja kukutana kwa zamu, leo kwenu, wiki ijayo kwetu. Tulitoka shule, tukatupa madaftari, tukaruka kamba uani huku harufu ya sambaza, vidagaa vya ziwani, kwenye mawese ikitutoa mate. Watoto wa leo wanakula wakitazama simu. Uliza wamekula nini, hawajui! Sisi hata vichwa vya sambaza tuligombania.

Baada ya sala, mwenye nyumba alimega bugali wa kwanza, akachovya, akala mbele ya wote. Ndiyo desturi yetu: unaonja kwanza, mgeni ajue hukumtilia sumu. Sisi watoto tuliona ni adabu tu, kama kunawa mikono. Papa Prezida, kiongozi wa shirika, alipenda kutuambia, "Batoto, shirika njo nyumba yenu. Mutu akikuonea, kimbilia huku." Nilimwamini kabisa, mjinga mimi.

Kisha jirani yetu Papa Cito, fundi wa kushona, akafa. Tumbo lilikuwa limemvimba kwa miezi, kila mtu alimwona akitembea ameshika ukuta. Lakini wiki aliyokufa alikuwa amekunywa kasiksi, pombe ya ndizi, kwetu. Ilitosha. Kwenye bomba la maji wanawake wakaanza kunong'ona: karuho. Bukavu nzima inajua karuho ni sumu, na anayetajwa nayo haulizwi ushahidi. Watu wakaanza kumkwepa Mama njiani, na vijana wa mtaa wakasema watachoma nyumba yetu.

Zamu yetu ya Jumatano ilipofika, Mama alifurahi kama siku ya harusi. "Nsimire," akaniambia, "bakikula hapa leo, maneno imeisha. Hakuna mutu atatugusa." Alipika tangu asubuhi. Aliazima hata sahani.

Walikuja wote. Waliimba vizuri, sikatai. Mama akamega, akala. Akamega tena tonge kubwa, akala mpaka karibu limkwame. Sahani zikakaa bila kuguswa. Papa Prezida akakohoa. "Maman, utatusamehe. Leo tumefunga." Kufunga! Wiki ya pili baada ya Pasaka! Na wote wakatikisa kichwa kukubali, hata wale niliowaona wakitafuna karanga njiani. "Lakini tunakuombea sana," akaongeza.

Mmoja tu alinyoosha mkono: Mama Cito, mjane mwenyewe, bado amevaa nguo za kilio. "Bwana yangu njo alikufa," alisema, "na miye minakula." Alikula sahani nzima, machozi yakimdondokea kwenye mboga. Nilimpenda siku ile kuliko watakatifu wote wa kanisani. Nikadhani tumeokoka.

Kesho yake kwenye bomba kulikuwa na habari mpya: kumbe wale wanawake wawili walimuua pamoja!

Mwezi haukuisha, jiko letu likachomwa mchana kweupe. Tukahamia Nyantende kwa wajomba. Mama Cito alifukuzwa na wakwe zake, hatukumwona tena. Papa Prezida hakuja kutuaga; alituma mtu alete rozari. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Ningekuwa mimi, ningeitupa chooni.

Leo nimerudi Bagira, nimezeeka, na shirika lina kamati, lina vitenge vya sare, lina kundi la WhatsApp. Zamani angalau walikuja mpaka ndani, wakatunyima mkono tukiwatazama machoni. Juzi maman mmoja wa mtaa wangu alitajwa karuho. Simu ikajaa vile vipicha vya mikono inayosali. Nikavaa viatu, nikaenda kwake mchana, watu wakiona, nikamwambia anipakulie. Watoto wangu walinigombeza: "Maman, na ukifa?" Maskini, hata wao!

Alikuwa amepika sufuria kubwa, eti huenda watu wa shirika wakafika. Nilikula polepole makusudi, nikanywa na chai. Nilikaa mpaka mboga ikapoa kabisa. Hakuna mwingine aliyekuja.