Mume Wangu Aliniuliza Kama Ligi Yao Ina Nguvu, Nikamdanganya

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari zenu. Admin, nifichie jina tafadhali, maana sisi Waswahili wa Birmingham tunajuana hata kwa kikohozi. Nina miaka ishirini na tatu, elimu yangu ni form four ya Eldoret, na nina miezi mitano tu kwenye ndoa. Miezi mitano! Mpaka leo nikisikia ufunguo mlangoni moyo unaruka kana kwamba nimechumbiwa jana.

Mume wangu ni Mkongo, aliletwa hapa mdogo na mama yake wakiwa wakimbizi. Ni mrefu, mpole, na kicheko chake huanzia mabegani. Tunaishi na mama mkwe Bordesley Green. Chumba chetu ni kidogo kiasi kwamba mmoja akivaa shati mwingine lazima akae kitandani, na mimi sitaki kikubwa zaidi.

Anamaliza masomo yake Selly Oak mwaka huu, na huko chuoni anacheza ule mpira wa Kimarekani, wa kofia ngumu na kugongana. Yeye hagongani. Kazi yake ni kupiga: mpira unashikiliwa chini, anaupiga upite juu katikati ya nguzo mbili. Akiwa na mechi mimi husimama pembeni na chupa ya chai, mvua inaninyeshea, na bado najiona nimebarikiwa kuliko wanawake wote wa mji huu.

Mwezi uliopita chuo kimoja cha Marekani kiliona video zake kikamwandikia. Wanamtaka miaka miwili, asome bure na awapigie mpira. Mimi sitaweza kwenda naye, nitabaki na mama mkwe. Wakati huohuo karakana moja ya treni Tyseley imemkubali akajifunze ufundi, kazi ya kudumu, jioni anarudi kwangu.

Akanishika mikono akasema, "Bebi, chuo chao kiko kwenye konferensi, yaani vyuo kama kumi vinavyocheza ligi moja. Kama konferensi ni kali, naenda, maana huko ndiko wanakotafuta wachezaji wa kulipwa. Kama ni dhaifu, nitakuwa nimekuacha bure. Niangalizie. Mwenye jicho ni wewe."

Aliniuliza mimi kwa sababu baba yangu alikuwa katibu wa ligi ya mtaa, na daftari la matokeo niliandika mimi tangu darasa la sita. Timu zetu zilikuwa na ujanja wao: kabla ya ligi wanaalika vitimu dhaifu nyumbani, wanavifunga, halafu wanatamba. Baba alikuwa akiwaambia, "Sitaki kujua mmeshinda mara ngapi. Mmemshinda nani?"

Basi nikakaa mezani jikoni na matokeo ya misimu iliyopita. Wakicheza wao kwa wao huwezi kujua kitu, kwa sababu mmoja akishinda mwenzake ameshindwa. Sifa yao yote inatoka kwenye mechi za nje ya kundi. Nikaangalia waliowashinda huko nje: vyuo vidogo vidogo vilivyoalikwa, ambavyo navyo havimshindi mtu. Walipotoka kwenda kwa wenye nguvu, walichapwa vibaya. Ligi ni dhaifu.

Nikafurahi, jamani. Na ile furaha ndiyo iliyonitisha. Nikampigia baba.

"Mpira wa helmeti? Huo mimi siujui, mama."

"Baba, kuhesabu ni kulekule."

"Haya, walimshinda nani?" Nikamsomea. Akacheka. "Hao ni kuku wa kufugwa! Lakini ngoja. Akienda, wewe unabaki huko bila yeye?"

"Ndiyo, baba."

"Basi tafuta mtu mwingine ahesabu. Refa hachezeshi mechi ya mumewe."

Mtu mwingine nitamtoa wapi? Mume wangu akaingia amelowa, viatu mkononi. "Haya hakimu, hukumu!" Nikamtazama lile jicho lake la matumaini. Nikaogopa kuwa mke aliyemzuia mumewe kwa ajili ya raha yake. Nikasema, "Ni kali sana, mpenzi."

Alininyanyua nikagonga taa kwa kichwa. Mama mkwe akatoka na mwiko. "Iko nini?"

"Mama, amesema ni kali!"

"Aksanti Yesu! Bibi ya mwana yangu, uko na roho kubwa. Wengine wangemushika miguu." Jumapili ikatangazwa kanisani, watu wakanikumbatia mimi kuliko yeye.

Nimehesabu tena mara mbili, mara ya pili nikijifanya anayeondoka ni mume wa mtu mwingine. Jibu ni lilelile. Jana nikajikaza: "Mpenzi, nadhani nilikosea. Ile ligi ni dhaifu."

Akacheka, akanibusu kwenye paji la uso. "Ulipohukumu hukuwa na hofu. Sasa umeliona sanduku la safari ndiyo unaogopa. Usijali, miaka miwili itapita." Nikamwonyesha makaratasi, akayakunja taratibu akayaweka kando kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Hakukasirika hata kidogo. Nilipomdanganya niliitwa jasiri, nilipomwambia kweli nikabembelezwa.

Leo ni Jumatano. Barua ya kuwakataa wa Tyseley ameshaiandika, Ijumaa anaituma na kutia saini fomu za Marekani. Wakati naandika haya yuko sebuleni anamfundisha mama yake kupiga simu ya video, ili nisikae mpweke.

Ndugu zangu, mnaojua ndoa kuliko mimi, ukweli unaokunufaisha mwenyewe unausemaje mpaka mtu akuamini? Nimkabili tena, au nianze kumkunjia mashati? Nipeni neno kabla ya Ijumaa. Nasoma kila komenti.