Mkono wa Kulia wa Muthoni

Enzi zetu kule Ruiru, mtoto alijua upande wa ndani na wa nje wa kidole chake cha mguu kabla hajajua kusoma saa. Funza ndio waliotufundisha. Jioni mama alikaa mlangoni na pini yake, akauliza funza yuko wapi, nawe ulipaswa kujibu sawasawa: mguu gani, kidole kipi, upande upi. Ukikosea, pini ilichimba mahali pasipo na kitu.

Shuleni, masomo hayo yaliendelezwa na Mwalimu Zakayo. Alikuwa mbeba machela katika vita vya Burma, na nadhani alitutayarisha kwa vita vingine. Kila asubuhi, umande ukiwa bado kwenye nyasi, alitupanga uwanjani miguu mitupu. Simama wima, macho mbele, mikono kando, viganja vitazame mbele. Tulifanana na watoto wanaokaguliwa kama wamenawa. Kunja kiwiko, nyoosha kiwiko. Inua mkono mbali na ubavu, urudishe. Lala chali, lala kifudifudi, lala ubavu. Kaptura za wavulana ziligeuka nyekundu kwa udongo, na mama zao walimsema mwalimu huyo kila Jumamosi mtoni.

Alitukaririsha sheria mbili mpaka tukaziota. Juu ni upande wa kichwa, hata mtu akiwa amelala. Na kulia ni kulia kwa mgonjwa, si kwako wewe unayemtazama.

Nilikuwa darasa la nne, na nyumbani mambo hayakuwa mazuri. Baba, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha kahawa, alisema msichana akishajua kusoma barua inatosha. Mimi nilitaka darasa la tano kiasi kwamba hata githeri ilinishinda kumeza. Mwalimu Zakayo alikuja nyumbani kuniombea nafasi hiyo kwa baba. Baba akamjibu kwamba atakuja Thika kwenye mashindano ya huduma ya kwanza, ajionee hicho tunachosoma, kisha ataamua. Siku hizo kwenda Thika kulihitaji karatasi ya ruhusa ya serikali. Nilipomwona akiikunja na kuitia mfukoni, nilijua hatanii.

Tulipanda lori la kahawa, viazi vitamu vikiwa vimefungwa kwenye majani ya mgomba. Mgonjwa wangu alikuwa rafiki yangu Muthoni, aliyeipenda kazi hiyo kwa sababu aliruhusiwa kulala wenzake wakitoka jasho. Nesi mmoja mwenye viatu vyeupe alisoma swali: mgonjwa ameanguka, amevunjika mkono wa kulia chini ya kiwiko. Filimbi ikalia. Nilipiga magoti nikimtazama Muthoni usoni, nikaweka gango la mbao la kunyoosha mfupa, nikazungusha bendeji, nikamfunga kitambaa cha pembe tatu shingoni. Nikamaliza wa kwanza.

Nesi alikuja, akasimama miguuni pa Muthoni, akatazama fundo langu, akaitikia kwa kichwa na kuandika. Baba alikuwa anapiga makofi, yeye ambaye hata kanisani hakupiga makofi. Hapo ndipo nikauona ule mkono mwingine umelala kwenye nyasi, wazi kabisa. Ndio uliokuwa wa kulia. Muthoni alijua tangu mwanzo, lakini wagonjwa walikatazwa kusema, na siku hiyo aliamua kuwa mtiifu.

Niliogopa. Nikasema, "Sista, nimekosea. Uliovunjika ni ule." Nikafungua kila kitu na kuanza upya. Tulikuwa wa mwisho kabisa, na Muthoni alininunia wiki nzima.

Njiani kurudi nililia kimyakimya nyuma ya lori. Tuliposhuka, baba akanisogelea.

"Yule sista alikuwa ameshakubali," akasema. "Mbona ulifungua?"

"Kwa sababu umevunjika ule mwingine, baba."

Alicheka mpaka akakohoa, akajifuta macho kwa mkono wa koti. "Basi utaenda darasa la tano," akasema, "na huko mbele yake."

Siku hizi wajukuu zangu wanajua jina la kila msuli kwa Kiingereza. Ukiwaomba wakukande bega la kushoto, wanakanda la kulia wakitazama simu. Nawapenda hivyohivyo, na ukweli ni kwamba wanajua mengi kuliko sisi. Lakini wakikosea wanabonyeza mahali, kosa linafutika, hakuna aliyeona. Nami huwaonea huruma kidogo. Mimi nilifungua fundo langu mbele ya umati, baba yangu akinitazama, na mpaka leo sijapata kutazamwa vile tena.