Nilivyotaka kununua hisa za kampuni ya minara ya vijijini, mama akaniuliza swali moja

Wakuu, habari za kwenu. Wewe mwenye akiba kidogo na hamu ya hisa, sogea nikusimulie. Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mimi ni fundi umeme hapa Ifakara. Mama yuko Masagati, mbele ya Mlimba. Mtandao hakuna. Akitaka kuongea na mimi anapanda kilimani Jumapili. Siku hizi magoti hayampi ruhusa, Jumapili zinapita simu iko kimya.

Nikasikia kampuni moja changa ya teknolojia inauza hisa. Wanafunga minara midogo ya simu inayotumia sola vijijini.

Waraka wao wa kuuzia hisa niliusoma mara tatu. Mapato yanapanda. Kwa mgeni wa mambo haya: mapato ni pesa inayoingia, faida ni inayobaki baada ya gharama. Faida hawakuwa nayo bado, na kwa kampuni changa hilo peke yake si kosa.

Kosa lilikuwa langu. Mara zote tatu ukurasa wa wateja niliuruka, nikakimbilia ramani ya minara ijayo kutafuta Masagati. Nikaiona.

Nikatenga pesa yote ya mpunga wangu wa shamba la Katindiuka.

Kabla ya kulipa nikaenda kumsalimia mama. Njiani nikapita kijiji ambacho tayari kina mnara, nikamuuliza mwenye duka unawasaidiaje. Akacheka.

"Ulipokuwa bure, kaka, tulipiga mpaka maneno yakatuishia. Mradi wa wafadhili uliokuwa unatulipia ukaondoka hapa, tukaambiwa tuchangie. Tumerudi kilimani."

Nikaufungua waraka palepale dukani. Ukurasa ule ulisema wazi: karibu mapato yote yanatoka kwa mradi huo mmoja, si kwa wanakijiji.

Bado nilifika kwa mama nikiitetea kampuni. Baada ya shikamoo nikamweleza yote, yeye anapepeta mchele, hanikatizi. Mwisho akauliza taratibu:

"Mwanangu, unanunua kampuni, au unanitafuta mimi?"



Hisa sikununua. Mnara Masagati haujafika. Kuna jioni nataka kumwambia jambo dogo tu, kwamba mvua imeanza huku, halafu nakumbuka hapatikani.

Kumbe kampuni inaweza kuuza kitu unachokitamani kwa moyo wote, na bado isiwe na wa kukilipia. Wenye uzoefu mniongezee, hata kunikosoa ruksa.

Na wewe unayetaka kununua kesho: anza na ukurasa wa wateja. Mtafute mmoja anayelipa kutoka mfukoni mwake, muulize kama mwaka ujao atalipa tena.