Upepo wa Saa Nane na Nusu

Harufu ya mafuta ya taa, ambayo hapa Johannesburg kila mtu huyaita parafini, hunirudisha utotoni kabla sijajua kwamba ninarudi. Majuzi nilikuwa kwenye foleni ya spaza, duka dogo la mtaani, nyuma ya mwanamke aliyebeba chupa ya lita tano inayovuja kidogo kwenye kizibo. Nilisimama pale na mkate wangu, mtu mzima mwenye kazi na mtoto, na vidole vya miguu vikaanza kuniuma kwa baridi ndani ya viatu. Ilikuwa saa saba mchana na jua lilikuwa linawaka.

Tulikuwa tunakaa Yeoville, ghorofa ya nne, katika jengo la zamani ambalo lifti yake ilikufa kabla sijazaliwa. Juu yetu kulikuwa na paa tambarare lenye vyumba vidogo vilivyojengwa enzi za makaburu kwa ajili ya watumishi, vimeezekwa bati. Katika chumba kimoja aliishi Tantine Bea, msusi kutoka Bukavu mwenye saluni ndogo mtaani. Hakuwa ndugu yetu wa damu, lakini nilimjua kuliko shangazi zangu wa kweli, ambao niliwaona kwenye picha tu. Vidole vyake vilikuwa vyembamba na vyepesi. Alikuwa anaweza kunisuka kichwa kizima huku anatazama televisheni, asiangalie mikono yake hata mara moja, na nisisikie maumivu.

Papa alikuwa mlinzi wa usiku kwenye maghala mjini. Lakini kazi yake ya kweli, aliyosomea, ilikuwa kutazama hali ya hewa. Kule mashariki mwa Kongo, kabla vita havijatutoa, aliajiriwa katika kiwanja kidogo cha ndege. Kila saa alikuwa anatoka nje, anatazama mbingu, anapima upepo, anaandika, na marubani waliruka na kutua kwa kuamini alichoandika. Zaidi ya hapo hakusema, na sisi tulidhani hakuna zaidi.

Hapa Johannesburg hakuna aliyemwomba habari za upepo, lakini hakuacha. Kwenye balkoni yetu alisimamisha mlingoti wa bomba. Juu yake alifunga utepe wa kuonyesha upepo unatoka wapi, na chini ya utepe vikombe vitatu vya plastiki vilivyozunguka upepo ulipovuma. Kimoja kilikuwa chekundu. Unasimama pale na tochi kwa nusu dakika, unahesabu chekundu kimepita mara ngapi, kisha unaingia ndani kuandika katika daftari: saa, upande, idadi. Jengo zima lilimwita Papa Meteo, Baba Hali ya Hewa. Walikuwa wanamcheka, halafu kila Ijumaa wanamuuliza kama waanike mablanketi.

Mimi nilikuwa msaidizi wake, na nilijivunia kazi hiyo kuliko kitu chochote cha shuleni. Sheria ilikuwa moja, aliyoirudia kwa Kiswahili chake cha nyumbani, na nakumbuka hata alivyoinua kidole: "Mapendo, usiandike kitu macho yako haijaona."

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Ulikuwa mwezi wa nane, ambapo hapa ni mwisho wa baridi, na vumbi la njano la machimbo ya zamani linapeperuka hadi kwenye meno. Redio ilikuwa imesema tangu asubuhi kwamba baridi kali inapanda kutoka Cape, kule kusini, na italeta dhoruba ya upepo usiku. Mama alikuwa kazini; alikuwa anamlea bibi mmoja wa Kizungu huko kaskazini mwa mji na kulala hukohuko. Papa alikuwa ametoka kukesha kazini siku mbili mfululizo, macho yake mekundu kama ya mtu aliyekaa kwenye moshi. Usiku huo alikuwa na mapumziko. Badala ya kulala, aliwasha hita ya parafini, akafungua daftari ukurasa mpya.

Umeme ulikatika saa mbili. Tantine Bea akashuka na mshumaa wake na kitana, akasema ni heri tuogope pamoja. Alinisuka mbele ya hita. Nje upepo ulikuwa unatoka kaskazini-magharibi, mkavu, unapiga miluzi kwenye matundu ya madirisha, na kila nusu saa nilitoka na Papa kuhesabu. Kumi na nne. Kumi na saba. Kumi na sita. Papa alitueleza kwamba upepo huo hautishi sana, kwa sababu ukuta wa tangi la maji unaikinga safu ya vyumba vya juu. Wa kuogopwa ni ule utakaofuata, baridi yenyewe ikifika. Utepe utageuka ghafla, upepo utoke kusini, na huko kusini hakuna ukuta.

Ilipofika saa sita Tantine Bea alianza kusinzia na kitana mkononi.

"Sasa miye nilale ao nisilale?" aliuliza.

"Lala hapa," Papa akasema.

"Hapana, Papa Mapendo. Kwa mume wa mtu, bibi yake hayuko? Kesho jengo lote litaimba."

Papa alicheka. "Bon. Enda ulale. Utepe ikigeuka tu, tutakuja kukugongea. Utashuka na blanketi yako, jengo iimbe."

"Mutakuja kweli?"

"Tutakuja."

Akapanda ngazi. Nilisikia kandambili zake hadi juu kabisa, kisha mlango.

Saa nane tulihesabu ishirini na mbili, kaskazini-magharibi. Papa aliandika, kichwa kikamwanguka kifuani, akashtuka, kikaanguka tena. Alinitazama kwa muda. Nadhani alikuwa anapima kama nimekuwa mkubwa.

"Saa nane na nusu utoke uhesabu," aliniambia. "Utepe ikiwa imegeuka, niamshe. Kama haijageuka, andika, uniamshe saa tisa. Utaweza?"

Nilisema nitaweza. Alilala palepale kwenye kiti, na viatu miguuni.

Nikuambie kitu ambacho sijawahi kumwambia hata mume wangu. Saa nane na nusu ilipofika, nilivaa koti, nikachukua tochi, nikaenda hadi kwenye mlango wa balkoni. Nilishika kitasa. Kilikuwa baridi kiasi cha kunata kwenye ngozi. Kupitia kioo nilimulika nje, na pale kwenye kona alisimama mtu. Hakuwa na kichwa. Alikuwa anarusha mikono yote miwili juu, anaishusha, anairusha tena, kama anayetusihi tumfungulie. Leo najua lilikuwa koti la kazi la Papa lililosahaulika kwenye kamba. Nadhani nilijua hata wakati ule. Lakini kujua hakukunisaidia. Niliachia kitasa, nikarudi kwenye hita, nikafungua daftari, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko siku zote: saa nane na nusu, kaskazini-magharibi, ishirini na mbili.

Kisha nikakaa kungoja saa tisa.

Haukupita muda, upepo ukanyamaza. Miluzi ya madirisha ilikatika yote kwa pamoja, nikasikia hita inavyonguruma na Papa anavyopumua. Nikafurahi, nilidhani umekwisha na sijamdhuru mtu. Halafu ukarudi. Haukupiga mluzi tena. Ulikuja na sauti nzito, upande wa jikoni, kusini, upande ambao haukuwahi kutoka usiku kucha, na jengo lote likatetemeka kama kuna kitu kikubwa kimeegemea ukuta. Juu, mabati yakaanza kupiga. Na katikati ya mabati nilisikia mtu anaita: "Papa Mapendo! Papa Mapendo!"

Nilijiambia ni upepo. Nilikuwa nimeshamwona mtu asiyekuwapo kwenye balkoni, kwa nini nisisikie mtu asiyekuwapo juu? Nilijifunika blanketi hadi kichwani. Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani. Labda dakika mbili, labda tano. Mpaka leo upepo ukivuma sana naisikia ile sauti, haijaongeza neno wala kupunguza.

Mshindo ndio uliomwamsha Papa. Alisimama wima, akatazama dirisha la jikoni, akatazama saa, kisha akainama juu ya daftari. Mstari wangu ulikuwa pale. Alichukua tochi akatoka mbio, nikamsikia anagonga milango ya majirani anapopita, anaita wanaume wamsaidie.

Upande mmoja wa paa la Tantine Bea ulikuwa umeng'oka na boriti yake. Alikuwa ameamka, amefika mlangoni, na mlango ulikuwa umebanwa na upepo. Alikuwa bado ameushika alipoangukiwa. Walimshusha wamemzungushia blanketi, mkono wake wa kulia umefungwa kwa shati la Papa. Alipopita mbele ya mlango wetu aliniona. Hakulia. Alisema tu, kwa sauti ya kushangaa, "Niliita sana." Jirani mwenye gari aliwapeleka hospitali.

Papa alirudi kumekucha. Alikaa mbele yangu bila shati ndani ya koti, damu imemkauka kwenye vidole.

"Saa nane na nusu ulitoka?"

"Ndiyo, Papa."

"Ulihesabu?"

"Ndiyo, Papa. Ishirini na mbili."

"Na utepe uliiona?"

"Niliiona."

Alinitazama, na mimi nikajilazimisha nisiangalie chini. Nje utepe ulikuwa unaelekea kaskazini, umenyooka kama ubao. Hesabu mbili zinazofanana kabisa, tarakimu kwa tarakimu, dakika chache kabla ya upepo kugeuka, wakati utepe huwa umeshaanza kuyumba. Mtu aliyeifanya kazi ile miaka kumi na mitano hawezi kudanganywa na mtoto hivyo. Nilingoja anipige. Nilitamani anipige.

"Bon," akasema. "Lala."

Hakuniuliza tena, siku ile wala baadaye. Lakini hakunipa tena tochi. Alipokesha, alikesha peke yake na mlango umefungwa, na mimi kitandani nilimsikia anatoka na kuingia, anatoka na kuingia. Nilichukulia kwamba ama hakujua, ama alikuwa amenikatia tamaa. Kila moja lilinitisha kwa namna yake.

Vidole vitatu vya Tantine Bea havikukunjika tena. Alifungua tena saluni ileile, lakini tangu hapo aliketi kwenye kiti na kuwafundisha wasichana kwa mdomo. Mama alijifunza kunisuka, vibaya, na mimi nilivumilia maumivu kama mtu anayelipa faini.

Papa alifariki miaka mitatu iliyopita, kwa ugonjwa wa kawaida wa wazee. Kwenye matanga alikuja mzee kutoka Durban, Papa Kasongo, aliyefanya kazi na Papa kwenye kile kiwanja cha ndege. Alikaa nami jikoni na kikombe cha chai, akauliza kama baba yangu aliwahi kunisimulia habari ya ndege. Nikasema ndege gani.

Ilikuwa wakati wa vita, akasema. Risasi zilikuwa zinasikika ng'ambo ya kiwanja na hakuna aliyetaka kusimama nje. Ndege ndogo ilikuwa njiani, imebeba abiria wanaokimbia. Rubani aliuliza upepo. Papa alikuwa amejificha chini ya meza, redio mkononi. Akampa upepo wa saa iliyotangulia.

"Upepo ilikuwa imegeuka," Papa Kasongo alisema. "Ndege haikufika kwenye barabara ya kutua; ilianguka, na hakuna aliyepona. Hakuna aliyemuuliza baba yako. Ofisi iliungua wiki ileile, karatasi zote. Aliniambia miye peke yangu, na alinikataza kusema akiwa hai."

Jumamosi iliyofuata nilimpeleka binti yangu saluni kwa Tantine Bea. Yeye ni mzee sasa, nywele zake nyeupe amezikata. Msichana alipoanza kumchana mwanangu, nilivuta kiti karibu na nikasema yote: mlango, koti, daftari, sauti niliyoisikia na kuiita upepo. Nilisema haraka, nikitazama ule mkono wake wa kulia uliokaa kwenye paja.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Lakini Papa yako alikuja hospitali, siku ya pili. Alipiga magoti pale mbele ya manesi. Aliniambia ni yeye ndiye aliandika bila kuangalia. Aliogopa kutoka, akaandika namba ya zamani. Mwaka muzima alinipandishia maji kila siku. Nikamwambia aache, nimemusamehe, lakini hakuacha."

"Alinikinga mimi," nikasema.

"Alilia, Mapendo. Mutu hawezi kulia vile kwa kosa ya mwingine."

Kisha akageuka kumwelekeza yule msichana asivute sana, na kwa mkono wake mzima akanishika kiganja. Hakusema kama amenisamehe, na sikumuuliza.

Nilikuwa nimeishi nikidhani kwamba asubuhi ile Papa alinitazama na kuona mwongo. Sasa najua alichokiona: mtu aliyekaa chini ya meza. Kila neno alilomwambia Tantine Bea pale hospitali lilikuwa kweli, ila lilihusu siku nyingine na watu wengine. Mimi nimepata bahati ya kumkuta niliyemkosea yu hai, ameketi kwenye kiti, nikaweza kumwambia. Aliowakosea yeye hawakuwa na sikio la kusikia. Ndiyo maana, nadhani, alitoka nje kila usiku wa upepo mpaka miguu ilipokataa, akasimama gizani na tochi yake, akahesabu kwa sauti ambayo mimi kitandani niliisikia na sikuwahi kujiuliza anamhesabia nani.