Mama Samadi na Shamba la Kukodi

Jina hilo Mama Samadi alipachikwa na majirani, kwa sababu ya mkokoteni wake. Kila alfajiri aliusukuma kutoka machinjioni umejaa mavi ya ng'ombe, na watu wakampisha huku wameziba pua.

"Zibeni tu," alikuwa akiwaambia. "Mahindi yakikomaa mtazizibua wenyewe."

Shamba alilolilima halikuwa lake. Lilikuwa la dereva mmoja mstaafu, rafiki wa marehemu mumewe. Mama Samadi alipofiwa, dereva alimwambia, "Lilime tu, shemeji. Ukivuna utatukumbuka." Wakati ule lilikuwa kichanga kitupu, hata magugu yaliota kwa kusitasita. Mama Samadi akalilisha samadi mwaka hadi mwaka, mpaka udongo ukawa mweusi na laini. Kila mavuno, kabla hajapeleka gunia kwake, alitanguliza la dereva.

Basi serikali ikatangaza ruzuku: kila mkulima atakayeandikishwa atatumiwa pesa za mbegu na mbolea kwenye simu. Siku hiyohiyo mtoto wa dereva alipiga simu kutoka mjini. Kesho yake dereva akasimama mlangoni kwa Mama Samadi, kofia mkononi, anaikunjakunja.

"Shemeji, kijana anasema msimu huu tulime wenyewe."

"Mlime nani? Wewe na mgongo huo?"

"Tutatafuta vibarua."

"Haya. Shamba ni lenu."

Alifunga mlango, akaketi kitandani, akalia. Hakuililia ruzuku, maana pesa ambayo hujaishika haiumi. Aliulilia ule udongo.

Asubuhi alikwenda shambani na mkokoteni na beleshi, akaanza kupakia lundo la samadi alilokuwa ameliacha pembeni lioze. Mke wa dereva, aliyekuwa akirudi na ndoo ya maji nyumbani kwao kando ya shamba, akasimama.

"Dada, unafanya nini?"

"Nahamisha changu. Shamba nimewaachia."

Mama yule aliitua ndoo, akaingia ndani bila hata kuifunika. Sauti yake ikasikika mpaka barabarani: "Huyo mwanao jembe alilishika lini? Leo pesa imenukia ndiyo amekuwa mkulima? Na wewe mtu mzima unafuata!"

Bwana shamba alipofika na pikipiki yake kuandikisha watu, alimkuta dereva ameketi barazani, chai yake imepoa.

"Mzee, ruzuku ni ya anayelima," bwana shamba alimweleza. "Kama umekodisha, anaandikwa aliyekodi, wewe unathibitisha tu. Sasa niambie, nani analima hapa?"

Angeweza kusema "mimi". Hakuna ambaye angekuja kumchunguza. Dereva alimtazama mkewe, akatazama kule shambani, beleshi likipanda na kushuka.

"Yule pale," akasema. "Mwandike yule."

Jioni mtoto alipiga simu akafoka, eti baba amechezea bahati. Dereva akamwambia kama anataka kulima, jembe lipo, aje. Simu ikakatika.

Ruzuku yenyewe ilichelewa. Mvua ilianza, Mama Samadi akapanda mbegu zake mwenyewe, na pesa ilipoingia mahindi yalikuwa yameshafika magotini. Akanunulia mbolea ya kukuzia. Mavuno yalikuwa mazuri, na dereva alipata gunia lake kama kawaida.

Lakini moyo uliokwisha kushtuka hautulii upesi. Tangu hapo, kila kabla ya kupanda, Mama Samadi hupitia kwanza kwa dereva.

"Shemeji, msimu huu shamba ni langu?"

"Ni lako, shemeji. Si nilishakwambia?"

"Ongeza sauti kidogo, mkeo yuko jikoni."

Na mzee wa watu hupaza sauti.