Nilimwambia mpwa wangu processor yake haina virtualization, kumbe niliizima mwenyewe

Wakuu, heshima kwenu.

Mnaonijua humu mnajua nilivyo mjuaji kwenye mambo ya kompyuta. Leo nimekuja kujianika, na sitapunguza kitu hata pale panaponiuma.

Kabla sijaajiriwa huku Kwala nilikuwa na stationery Maili Moja, Kibaha. Desktop nne, watu wanatype, wanaprint, maisha yanakwenda.

Kero ilikuwa vijana. Ukigeuka kidogo wameshapakua emulator, wanacheza game za simu kwenye mashine zangu huku mteja wa CV anasubiri nje.

Nikaingia BIOS ya kila mashine, ile mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows, nikazima virtualization. Kwa asiyejua, ni kipengele cha processor kinachowezesha kompyuta moja kuendesha nyingine ndani yake. Kikizimwa, emulator nyingi zinagoma au zinakwenda kwa kujikongoja. Nikaweka na password ya BIOS ili asiwepo wa kukiwasha. Nilijiona mjanja sana.

Baadaye stationery nikaifunga. Desktop moja nikampa mpwa wangu Salma, binti wa dada yangu mkubwa, kule Kurui, Kisarawe. Yuko chuo, anasoma diploma ya network. Nikaweka Windows mpya, nikaipeleka. Habari ya BIOS ilishanitoka kichwani kabisa.

Mwaka huu Salma akawa nyumbani anaandaa project ya kumalizia chuo. Alitakiwa kutengeneza network ya kompyuta tatu, zote ndani ya desktop hiyo hiyo. Akanipigia simu.

"Shikamoo mjomba. Mashine inakataa, inaandika virtualization imezimwa."

"Marahaba. Hiyo processor ya zamani, haina hicho kitu. Usijisumbue."

"Lakini mjomba, kwenye Task Manager imeandika Disabled. Nimesoma kwamba maana yake ipo, ila..."

"Salma, wewe kompyuta umeanza kuzijua lini?"

Nilikuwa ofisini, simu iko loudspeaker. Wenzangu wakacheka, nami nikavimba kichwa. Yeye akasema, "Sawa mjomba, nisamehe." Tukaagana, na sikuliwaza tena lile jambo.

Juzi kati nikaenda Kurui kumsalimia dada. Chai inaandaliwa, mimi nimekaa sebuleni karibu na ile desktop, naulizia project imefikia wapi. Salma akasema kwa upole kwamba alijaribu kuingia BIOS, ikamwomba password.

Wakuu, hapo ndipo nilipokumbuka. Mtu pekee aliyewahi kuweka password kwenye ile mashine ni mimi.

Nikarestart, nikabonyeza F2, nikaandika password ya enzi za stationery. Ikafunguka. Advanced, CPU Configuration, Virtualization: Disabled. Nikaweka Enabled, F10, ikajizima na kuwaka. Kwenye Task Manager ikasoma Enabled. Kazi nzima haikufika dakika tatu, na Salma alikuwa amesimama nyuma yangu akiangalia.

"Haya, sasa project yako itakwenda," nikasema, najichekesha tu.

"Mjomba, presentation ilishapita. Nimeambiwa nirudie mwakani."

Nikamuuliza kwa nini hakumtafuta fundi mwingine aiangalie. Wala hakukasirika.

"Nilijua ipo, mjomba. Ila wewe ulishasema haina. Mashine umenipa wewe, halafu niipeleke kwa mtu mwingine? Ingekuwa kama nakudharau."

Sijawahi kuona aibu namna ile. Nikamweleza ukweli wote, wa vijana wa game na wa password. Akaniomba nisimwambie mama yake, eti hataki tugombane kwa ajili yake.

Dada akaingia na chai na mihogo. Kutuona tuko kwenye kompyuta, akaanzia hapo hapo.

"Afadhali umekuja, mseme huyu mpwa wako. Wenzake wamemaliza, yeye kutwa alikuwa hapo anachezea kompyuta. Hata baba yake hasemi naye siku hizi."

Salma akainamisha kichwa, akamimina chai, akaanza na kikombe changu.

Nami wakuu, nikainywa.

Kwa upande wa ufundi: ukiona Disabled, usimwambie mtu processor yake haina. Ingia BIOS kwanza uangalie. Na ukimpa mtu mashine yako ya zamani, rudisha kila ulichozima na ufute password.

Upande wa pili ndio unaonikosesha raha. Binti amebeba jina la uvivu kwa ajili ya kunistahi mimi, na mimi nimekaa pale namsikiliza akisemwa.

Jumapili narudi Kurui. Nitasema mbele ya dada na shemeji, Salma akitaka asitake.

Nichaneni tu wakuu, nastahili. Ila kama kuna mtu humu amewahi kumuangusha mwenzake kwa ujuaji, akaja kukiri mbele ya wazazi wa huyo mtu, naomba aniambie alianza na neno gani.